Mkongo Ambao Haukuwa Mkongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino, kwa kuwa niliambiwa naenda ofisini. Ofisi yenyewe, huko Temeke, ilikuwa banda refu la bati lililojaa vipande vya mbao kuanzia sakafuni hadi darini, na vumbi lake lilinipigisha chafya kabla sijamaliza kutaja jina langu. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu, alisoma barua yangu ya ajira, akaikunja, kisha akanipa vipande viwili vya mbao.

"Kipi mninga?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha misitu na cheti kizuri. Nikaonyesha kile chenye wekundu.

"Kwa nini?"

"Kwa rangi yake, mkuu."

"Rangi ni mambo ya jua, mafuta na miaka. Hicho ulichoonyesha ni mkaratusi, umepakwa rangi na mtu aliyetaka kumdanganya mwenzake. Kaa, binti. Tuanze upya."

Tulianza na wembe. Ubao, alinifundisha, unasomwa kwenye kichwa chake, yaani pale msumeno ulipoukata mti kwa kukingama. Unapachonga kwa wembe mpya mpaka pang'ae, unapalowesha kidogo, halafu unasogeza lenzi ya mkono jichoni mpaka kope zinaigusa. Hapo utaona vitundu. Ndiyo mirija iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini, na kila mti una namna yake ya kuipanga. Mkongo, kwa mfano, kila kitundu chake kimezungukwa na utando mweupe wenye umbo la jicho, na katikati ya macho hayo hupita mistari myembamba kama uzi.

"Ukiona dalili moja umeanza tu kutazama," alikuwa akisema. "Hujamaliza."

Vijana huniuliza kwa nini serikali ilimlipa mtu mzima ashinde akichungulia mbao. Nawaambia kwamba sheria hulinda mti kwa jina lake. Huu unaruhusiwa kuvunwa, huu hauvunwi bila kibali, huu hauguswi kabisa. Lakini mti ukishaangushwa na kupasuliwa hauna tena majani, maua wala matunda ya kuutambulisha. Umebaki ubao. Na majina ya mitaani yanachanganya: mti mmoja una majina matano kutoka wilaya moja hadi nyingine, na jina moja hubebwa na miti mitatu isiyo na undugu. Ndiyo maana tulitumia majina ya kisayansi, la kwanza la ukoo na la pili la mti wenyewe. Mkongo uliandikwa Afzelia quanzensis, na ukishaandikwa hivyo hakuna wa kukubishia, awe wa Lindi au wa Tabora.

Nilikaa banda lile miaka sita. Kutoka hapo nilipelekwa kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, barabara ya kusini, nikikagua malori ya mbao yanayoingia mjini, mvua yangu, jua langu. Mkuu wa Kizuizi alikuwa mtu wa maneno machache, asubuhi alisema "kazi" na jioni alisema "haya." Kisha nikahamishiwa Kinondoni, nikazunguka maduka ya mbao kuanzia Kawe hadi Bunju. Huko nilizoea kuheshimiwa. Nilikuwa naingia dukani, nachonga mara moja, nasema jina, watu wanakubali. Niliporudi Temeke nikiwa Mtambuzi Mwandamizi, nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba jicho langu halikosei.

Tulipata taarifa kwamba karakana moja ya Keko inatengeneza vitanda kwa mkongo usio na kibali. Tulikwenda na gari la ofisi na askari wawili. Mwenye karakana, Fundi Selemani, alikuwa Mzaramo wa makamo aliyenizidi umri kiasi cha kaka yangu mkubwa. Alikuwa akipiga randa. Mbao zake zilikuwa nyeusi na nzito.

"Hizi nimezitoa kwenye paa la nyumba ya marehemu mama," alisema. "Tumeibomoa mwezi uliopita. Huu mkenge tu, si mkongo."

Nilijisemea moyoni kwamba kila anayekamatwa ana paa la mama yake. Nikachonga, nikaona macho. Uzito ulikuwepo, rangi ilikuwepo, macho yalikuwepo. Nikaandika mkongo, nikasaini. Karakana ilifungwa, na kitanda cha harusi kilichobakiza kupigwa msasa tu kikapakiwa garini pamoja na mbao, mtaa mzima ukitazama.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga sampuli kabatini. Nilipoweka kile kipande cha Keko, kidole changu kilibaki na weusi. Nikanusa. Oili chafu ya gari. Watu wengi hapa mjini huipaka kwenye mbao za paa ili mchwa wasizile, na ubao ukiinywa miaka na miaka huwa mweusi, tena mzito. Nikachukua msumeno nikakipasua kipande katikati, mahali ambapo oili haikufika. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Nilichonga mara nne, kila mara kwa wembe mpya. Macho yapo. Ile mistari kama uzi haipo. Ulikuwa mkenge, kama alivyosema mwenyewe.

Sitawaficha. Nilikirudisha kabatini, nikafunga, nikaenda nyumbani Tabata. Kwa siku mbili nilipika chakula ambacho sikuweza kukila. Siku ya tatu niliingia kwa Kaimu Meneja wa ofisi yetu na vile vipande viwili.

Alinisikiliza huku akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa juu yake.

"Umeshasaini," alisema.

"Nimesaini, bosi, na nimekosea."

"Unajua ukiandika hilo, kila ulichowahi kusaini kitahojiwa?"

"Basi kihojiwe."

"Na wewe?"

"Na mie nihojiwe."

Aliiweka kalamu mezani. "Andika," alisema. "Lakini uandike vizuri, maana ukishanipa siwezi kukurudishia."

Niliandika ukurasa mmoja. Nikaomba pia sampuli zote nilizotambua tangu nirudi Temeke zipelekwe kwa mtambuzi mwingine. Nilisimamishwa kutambua, nikawekwa kwenye dawati la kupokea barua hadi majibu yalipotoka. Nyingi zilikuwa sahihi. Lakini lori moja, ambalo sampuli yake niliitambua kuwa mninga likaruhusiwa kupita, halikubeba mninga. Lilibeba mti ambao katika nchi yetu hauoti ila kwenye visitu vichache vya pwani, na ule ulitoka kwenye kisitu kimoja kidogo nje ya mji, upande wa kusini. Mbao zilikuwa zimeshauzwa na kuwa milango ya watu. Kosa la Keko lilinitia aibu. Hili la pili liliniumiza kwa namna nyingine, kwa sababu hapakuwa na wa kumwendea.

Kwa Fundi Selemani nilikwenda. Karakana ilikuwa imefunguliwa siku iliyotangulia, na yeye alikuwa anafagia mavi ya kuku yaliyojaa mle ndani.

"Shikamoo, fundi."

Aliendelea kufagia mpaka mlangoni. Akaegemeza fagio ukutani. "Marahaba," alisema. "Siku ile hukunisalimia."

Ilikuwa kweli. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba ubao ulikuwa mkenge, kwamba kosa lilikuwa langu na si la askari, na kwamba naomba radhi.

"Nimeipokea," alisema. "Ila, dada yangu, mlikuja na gari, watu wakajaa. Yule bwana harusi alikwenda kununua kitanda kwingine. Leo umekuja peke yako unaninong'oneza. Hawa majirani watalijuaje hilo?"

Nikatoka naye. Tulipita karakana kwa karakana, na kwenye kila moja nilisalimia, nikajitambulisha, nikasema: mbao za Fundi Selemani zilikuwa halali, mie ndiye niliyekosea. Kwenye karakana ya tatu mtu mmoja alicheka. Kwenye ya tano Fundi Selemani aliniombea maji. Tulipomaliza alinivutia kigoda nikae.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Aliokota vipande vya mbao sakafuni, akanipa kimoja kimoja na kunieleza jina la mti wake, ulikotoka, unavyonuka ukipigwa randa, unavyotia ganzi ulimi. Mengine sikuyajua. Nilirudi wiki iliyofuata na kalamu ya wino usiofutika. Miaka iliyobaki mafundi wa Keko walituwekea vipande, nasi tukavichonga, tukaviandika majina yote mawili, la fundi na la kisayansi. Maktaba ya mbao ya ofisi iliongezeka hivyo. Kupitia maktaba hiyo vijana wetu walilisimamisha lori jingine, lililobeba mti uleule nilioupitisha mie kwa uzembe, na kile kisitu kikawekewa walinzi.

Fundi Selemani amefariki. Mie nimestaafu, niko Tabata na wajukuu. Nilipokabidhi ofisi, mrithi wangu aliniuliza kwa adabu kama angeweza kuiondoa ile barua ya kosa kwenye faili langu, kwani muda mrefu umepita. Nikamwambia aiache, wageni kazini waisome. Siku hizi wana mashine na simu zenye lenzi kali. Ni vizuri. Bado nawasihi wachonge tena.

Mwaka jana walinzi walinichukua hadi kile kisitu. Nilionyeshwa visiki vya mti ule. Baadhi vimeoza, vitatu vimechipua, na machipukizi yamenipita kimo. Nilichuma jani moja, nikalitazama juu na chini, nikalitaja jina la mti kwa sauti. Mlinzi aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani zamani. Nikamwambia nilikuwa nataja miti. Mingi niliitaja sawasawa. Huu niliukosea.