Mkwe Aliyetabasamu Kupita Kiasi

Kwenye banda la video pale Malangali, Oswaldi ndiye mdomo wa kila Mzungu, Mkorea na Mhindi aliyewahi kukimbizwa na wauaji. Kazi yake ni kutafsiri muvi papo hapo, maiki mkononi, huku picha inakwenda. Kiingereza chake ni cha kuombea maji na Kikorea hana kabisa, lakini hajawahi kukwama. Anasema muvi za kusisimua ni kama kusonga ugali: maji yakishachemka, kinachofuata kila mtu anakijua, labda mgeni tu.

Ameshazipanga mafungu. Kuna za bomu: nyaya mbili, jasho jingi, na saa haijawahi kufika sifuri. Kuna za kutekwa: baba wa binti alikuwa komandoo, ila watekaji hawakujisumbua kuuliza. Za mpelelezi zina mlevi aliyeachwa na mke. Mpaka afukuzwe kazi ndipo anaanza kufanya kazi. Halafu kuna fungu analolipenda mwenyewe, analiita Nyumba Nzuri Bei Chee. Mume na mke wamehamia, jirani kaleta keki. Hapo Oswaldi hushusha sauti: "Jamani. Keki hiyo."

Mwaka huu Oswaldi alitaka kumwoa Jovina wa kule Pito. Posa ilipelekwa na mshenga wake Teodori, fundi baiskeli ambaye hucheka hata msibani. Baba wa Jovina, mzee Urbano, mkulima wa mahindi na maharage, hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Mtu anayeshinda akiipigia televisheni kelele, nikamwone kwanza akiwa kazini. Jibu baadaye."

Akaja Jumamosi mchana, amevaa koti lake zito. Oswaldi alimpokea kama askofu. Alimpa kiti pekee chenye mgongo, akamfuta vumbi ambalo halikuwepo, akamletea soda, akamuuliza kama baridi imezidi, akamuuliza tena. Na muda wote meno nje.

Kisha akaweka Nyumba Nzuri Bei Chee, akaanza. Ndani mlikuwa na mtunza bustani aliyenuna na jirani mchangamfu.

"Huyu aliyenuna msimshuku!" Oswaldi akapiga kelele. "Hana hatia, amewekwa hapo kutuzuga! Mtazameni huyo anayechekacheka. Mtu anayekupenda hivyo na hamjuani, huyo ana panga!"

Mzee Urbano akaitazama skrini. Akamtazama Oswaldi. Akaitazama soda.

Mke wa kwenye muvi akaanza kushuka chumba cha chini, gizani, peke yake. Mzee akasimama. "Binti! Huna majirani? Piga yowe!"

Vijana wakaangua kicheko. Kabla binti hajafika chini, umeme ukakatika. Mzee akaiweka soda kwenye benchi, haijaguswa, akasema, "Nimeona," akatoka.

Kesho yake Teodori akaleta habari huku akicheka. "Mzee anauliza unamficha nini."

"Namficha nini? Nimempa kiti chenye mgongo!"

"Ndicho hicho kiti, bwana. Anasema hamjuani, na unampenda sana. Maneno yako mwenyewe."

Oswaldi akashika kichwa. Mtu mwingine angetafuta padri wa kumwombea msamaha. Yeye akatafuta suluhisho mlemle kwenye muvi. "Kama mchangamfu ndiye muuaji," akasema, "basi mnunaji ndiye mkwe. Twende."

Sasa, mtu wa kwetu akiingia kwa wakubwa huchuchumaa, akapiga makofi taratibu, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, mpaka pumzi imwishe. Oswaldi alipita uani kwa mzee Urbano wima kama nguzo ya umeme, mikono mifukoni, bila shikamoo, akaenda kusimama ukutani na kununa. Mama Jovina alikuwa akipepeta maharage. Ungo uliganda hewani.

Mzee akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele, polepole.

"Huyu hana hatia," akatangaza. Kisha akamgeukia Teodori. "Wewe je, unacheka nini?"

Teodori akajaribu kufunga mdomo, meno yakakataa. Akaambiwa akakae kule zizini, mbali na chakula.

"Jibu langu ni ndiyo," mzee akasema.

Jovina akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba amekubali. Mimi je, nani kaniuliza? Umempita mama yangu kama umepita kisiki, Oswaldi. Mwanamume asiyemsalimia mama, mimi nampeleka wapi?"

Oswaldi akashuka chini kama gunia lililokatwa kamba. Akampigia makofi Mama Jovina. Akaomba radhi, akauliza habari za maharage, akampigia bibi aliyekuwa kwenye jua, akampigia shangazi Rhoda, akauliza habari za ndama kwa jina la ndama. Akarudi kwa Mama Jovina kuanza upya. Jovina akaficha kicheko nyuma ya mwiko, akasema haya, amekubali, aache sasa, chakula kinapoa.

Mzee Urbano hakuwa amenawa hata mikono.

"Mbona kabadilika?" akamnong'oneza mkewe. "Tazama. Ameanza kuchangamka."

"Baba Jovina," mama akasema, "kula."