Baridi Isiyoandikwa Daftarini

Mudathiri, fundi mwashi wa Newala, hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani, na hilo ndilo lililomponza. Violet, msanifu majengo kutoka Dodoma, alipokuja kuchora wodi ya wazazi ya kijiji chao, alimwachia kipimajoto na daftari.

"Baba Naima, kila alfajiri niandikie joto la hapa kiwanjani, mwaka mzima. Kompyuta itajaribu maelfu ya namna za kupanga matundu ya ukuta wa mbele, ichague inayoleta hewa na mwanga bila kuwaumiza wagonjwa."

Akaandika, tena kwa mwandiko wa kujivunia. Ukafika mwezi wa sita, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na shamba lake liko Chiungutwa, kule chini Masasi kwenye joto. Kuiacha mikorosho iharibike hakuweza. Kuacha kurasa tupu aliona aibu. Basi akashuka na kipimajoto, akasomea hukohuko hadi Agosti. Akajiambia joto ni joto tu, yeye aliyekulia kwenye ukungu wa Newala!

Kompyuta ikaamini. Ikautoboa ukuta wa mbele, ule wa kusini, juu hadi chini, na Mudathiri mwenyewe akaujenga, tofali kwa tofali. Ulipendeza, tusimnyime haki yake. Siku moja, ukuta ukiwa bado unapanda, akauliza mbona matundu ni mengi upande unakotoka upepo.

"Ni namba zako, Baba Naima," Violet akamjibu kwa upole.

Hapo akaelewa. Lakini kukiri mbele ya mafundi wenzake kulimshinda, akachota udongo na kuendelea.

Julai iliyofuata Naima, binti yake wa pekee, alijifungulia humo mtoto wa kiume, kabla ya siku zake. Ukungu ukawa unaingia wodini kama kwake. Muuguzi Imakulata alitundika khanga ukutani, akamfunga mtoto kifuani kwa mama yake. Siku ya tatu mtoto akapoa, wala hakupata joto tena.

Msibani Naima alisema, "Baba, yule dada na kompyuta yake wameniulia mwanangu." Wanawake wote wakaitikia.

Ilikuwa rahisi kunyamaza mara ya pili. Mudathiri alilia kwanza, akashindwa kujizuia mbele za watu.

"Kompyuta haina kosa, mwanangu. Mimi ndiye niliyeiambia Newala hakuna baridi."

Naima aliinuka kando yake. Kisha akasogea, akaenda kukaa upande wa pili wa mkeka.