Nilivyoinyamazisha Klarineti ya Bwana Odera

Sauti ya kwanza ilikuwa ya chini, nzito, yenye joto, nayo ilipenya ukuta wa chumba chetu kana kwamba hapakuwa na ukuta. Nilikuwa na miaka kumi, nimejilaza mkekani na kitabu cha sayansi, na kwa muda nilidhani kuna mtu anaguna upande wa pili. Kisha ikaanza kupanda, polepole, bila kukatika, hadi ikawa nyembamba na safi, ikatetemeka kidogo kule juu, ikateremka kwa mbio kama mtoto anayeshuka ngazi bila kushika popote. Niliacha kitabu, nikabandika sikio ukutani. Chokaa iliniganda shavuni. Nilingoja mpigaji avute pumzi, nikahesabu hadi ishirini na kitu, naye hakuvuta.

Tulikuwa Mkokoni, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Lamu, upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, amehamishwa kutoka Machakos, akanileta mimi mtoto wake wa pekee. Baba alibaki nyumbani na karakana yake ya useremala. Nyumba za watumishi zilikuwa vyumba vinne vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja, vyenye paa la mabati lililolia kila jua lilipopanda na kila lilipopungua. Jirani yetu wa ukuta alikuwa Bwana Odera, fundi wa mtambo wa barafu kwenye banda la samaki. Mtu mrefu, mkimya, mwenye mvi za pembeni na mikono iliyonuka dizeli. Mtu aliyemwona mchana akifungua nati na kupiga mabomba kwa nyundo asingeamini kwamba vidole vile vile, baada ya sala ya alasiri, vingeweza kukimbia juu ya klarineti bila kuonekana vinagusa chochote.

Mama alinituma kwake siku moja na sahani ya chapati, na tangu hapo nikawa naketi kizingitini mwake kila alasiri. Alikuwa amepiga muziki wa jazi miaka mingi katika bendi za hoteli za Mombasa, hadi hoteli zikaona ni rahisi zaidi kuwasha mashine. Aliniambia hayo bila uchungu. Alinionyesha chombo chenyewe: bomba jeusi la mbao lililojaa vitufe vya fedha, na kwenye mdomo wake kijiti chembamba cha tete, alichokiita ulimi. "Hiki ndicho kinachosema," alisema. "Mengine yote ni nyumba yake tu." Alikuwa na ndimi nne, zilizokuja kwa posta kutoka kwa rafiki yake, na kila akimaliza alizifuta na kuzirudisha kwenye kikasha cha bati.

Alipenda kuanza na kitu ninachokijua: wimbo wa kanisani, au wimbo tuliouimba shuleni tukiruka kamba. Aliupiga mara moja, wazi, kama ulivyo. Halafu akaanza kuuvuruga. Aliuchelewesha mahali usipotarajia, akaurudia kwa ngazi nyingine, akavuta sauti moja hadi ikawa kama inacheka, akaipindisha ikawa inalia, na wakati nimeshapotea kabisa, sijui tuko wapi, akatua kwenye mstari wa mwisho kwa upole, mahali pake hasa. Nilimuuliza anajuaje pa kwenda. "Kwanza nausema kama ulivyo, nisiukosee heshima," alijibu. "Baada ya hapo nauuliza, je, ungetaka kwenda wapi pengine?" Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kumwona mtu akifanya jambo gumu hivyo kwa wepesi hivyo.

Lakini ulikuwa msimu wa hofu. Watu wenye bunduki walikuwa msituni nyuma yetu, au tuliambiwa wako. Habari zilikuja na wachuuzi na wagonjwa: gari limesimamishwa njiani, nyumba zimechomwa kijiji fulani, watu wa bara wametengwa na wengine. Watu wa bara, yaani sisi tuliotoka mbali na pwani. Mama alianza kulala na viatu. Mimi nilijifunza kutofautisha sauti: injini ya boti ya mvuvi na injini ya boti nyingine, kuni zikivunjwa na kitu kingine kikivunjika. Tumbo liliniuma kila asubuhi, na Mama, ambaye alikuwa na dawa za kila tumbo, hakunipa yoyote, kwa sababu alijua tumbo langu lilikuwa na nini.

Rafiki yangu shuleni alikuwa Zena, binti wa Bi Mwanakheri, mwanamke wa Pate aliyeolewa Mkokoni na ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na zahanati. Siku moja wakati wa mapumziko Zena alinivuta nyuma ya darasa. "Ile zumari ya Bwana Odera," alinong'ona, "watu wasema yafika mbali. Wale wa mwituni waisikia. Watajua hapa pana watu wa bara." Hakusema kwa ubaya. Aliyasema kama mtoto anavyompa mwenzake habari. Lakini alasiri ile, sauti ya kwanza ilipopita ukutani, sikuketi kizingitini. Nilijificha chini ya kitanda cha Mama, viganja masikioni, nikiiona sauti ile ikitoka dirishani, ikivuka mikoko, ikiingia msituni na kugonga bega la mtu fulani, naye akigeuka. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuna mtu ambaye angeisikia asitake kuifuata.

Niliteseka hivyo siku tano. Jumamosi, Bwana Odera akiwa bandani na Mama zahanati, nilisukuma mlango wake, ambao hakuufunga kamwe. Kikasha cha bati kilikuwa juu ya redio. Nilikiweka kifuani ndani ya gauni, nikatembea hadi ufukweni penye mikoko, maji yakiwa yametoka, na nikazididimiza zile ndimi topeni moja moja kwa kidole gumba, hadi kidole chote kikazama. Kikasha nikakitupa majini. Nilirudi nyumbani mbio, nikakiosha kidole nyuma ya choo.

Jioni ile alipekua chumba chake chote. Nilisikia kitanda kikiburutwa. Akaja mlangoni kwetu, akamsalimia Mama, akaniinamia. "Mwende, hukuona kikasha changu, kile ninachowekea ndimi?"

"Sikuona," nilisema.

Alinitazama kidogo, akaitika kwa kichwa, akaenda zake. Nilingoja kupata nafuu. Badala yake ukaja ukimya, na ndani ya ukimya nikaanza kusikia kila kitu: mbuzi akijikuna ukutani, majani, mtu akikohoa mbali. Sikuwa nimejua kwamba ile saa moja ya klarineti ndiyo iliyokuwa saa yangu pekee ya kutosikiliza msitu. Halafu, siku ya tatu, saa ile ile ya alasiri, nilisikia kitu kipya upande wa pili. Tiki, tiki-tiki, tiki. Nilitoka nikachungulia mlangoni mwake. Bwana Odera alikuwa ameketi kitandani, klarineti mikononi, mdomo umefumba, akipiga vitufe. Alikuwa anaupiga wimbo mzima, na kuuvuruga, na kuurudisha, bila sauti. Vidole peke yake. Nilirudi kitandani kwetu nikalia ndani ya mto, na hata hivyo sikusema kitu.

Juma lililofuata, mchana, milio ya bunduki ikasikika. Haikuwa kama kuni. Mtu hawezi kuikosea akishaisikia. Mama alinishika mkono katikati ya ua, na kabla hajaamua tukimbilie wapi Bi Mwanakheri alikuwa mbele yetu, amejifunga leso kiunoni. "Ndooni, ingiani kwangu," alisema. "Na yule fundi mwiteni. Yeo hapa hapana mtu wa bara, pana wanangu tu." Ndani alimvisha Mama buibui lake mwenyewe, akanifunga mtandio kichwani, akampa Bwana Odera kanzu na kofia ya mumewe, aliyekuwa baharini. Kanzu ilimwishia Bwana Odera juu ya vifundo vya miguu. Siku nyingine tungecheka. Aliketi sakafuni, mkoba wa klarineti umefichwa chini ya mkeka alioukalia, na Bi Mwanakheri akamfundisha la kujibu akisalimiwa, akimrudisha mara mbili, mara tatu, kwa sauti ile ile ya kumfundisha mtoto Kurani chuoni.

Tukangoja. Milio ilisogea, ikanyamaza, ikaanza tena. Kisha nyayo zikapita nje, nyingi, nzito, za viatu. Zikasimama. Niliona kivuli chini ya mlango. Bi Mwanakheri alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchagua. Ni midomo yake tu iliyokuwa ikisogea. Nilikuwa na hakika tunakufa, na wazo langu moja lilikuwa kwamba nitakufa na uongo ule. Nikamsogelea Bwana Odera, nikaweka mdomo sikioni mwake. "Ndimi zako nilizichukua mimi. Nimezizika topeni. Niliogopa wangekusikia waje."

Hakugeuka. Niliona mshipa ukitutumka shingoni mwake. Kivuli kikaondoka mlangoni, nyayo zikaenda, na hadi leo sijui zilikuwa za nani. Ndipo alipoongea, kwa sauti ndogo yenye hasira, naye hakuificha. "Kwa nini hukuniambia unaogopa? Ningeacha kupiga. Siku hiyo hiyo ningeacha." Kisha akaongeza, "Na mimi naogopa, Mwende. Wewe ulidhani mimi siogopi?" Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu mwenye mikono kama ile angeweza kuogopa. Nilipotazama nikaona imeng'ang'ania pindo la ile kanzu.

Asubuhi boti ilikuja kuwachukua watumishi wa serikali na yeyote aliyetaka kuondoka. Bi Mwanakheri alimpa Mama jina la dada yake, Bi Rukia, aliyekuwa na nyumba Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, nasi tukapokewa huko siku nne tukingoja usafiri, Mama na mimi chumba kimoja, Bwana Odera chumba cha chini. Yale makuta mazito ya mawe hayakunituliza. Vichochoro vile vyembamba vilikuwa na nyayo mchana kutwa, na kila jozi iliyokaribia nilidhani inasimama kwetu. Sikula vizuri. Sikumtazama Bwana Odera.

Siku ya tatu Bi Rukia, aliyekwisha kusikia kisa cha ndimi kutoka kwa Mama, ambaye nilikuwa nimemwambia hatimaye, alimleta jamaa yake, mzee mfupi mcheshi aliyepiga zumari kwenye harusi. Aliichunguza klarineti kama daktari, akauliza ulimi wake ulikuwa na upana gani, unene gani. Akatoa kipande cha tete mfukoni na wembe, akaketi uani akichonga, akikiinua kwenye mwanga, akichonga tena. Bwana Odera alimsimamia kichwani akisema "punguza hapa, usiguse pale" hadi mzee akamwambia, "Bwana, nawe kaa kitako, waniziba mwanga." Ulimi wa kwanza ulipiga yowe kama kuku anayekamatwa. Wa pili ulikaa kimya. Wa tatu ulitoa sauti ya mkwaruzo, yenye kikohozi ndani yake, lakini sauti.

Bwana Odera alipandisha ngazi moja, na nilipoisikia ikipanda nilitazama mlango wa nje. Sikuweza kujizuia. Aliniona. Akaacha kupiga, akafikiri, akasema, "Haitatoka mlangoni. Sikiliza." Kisha akaanza upya, kwa sauti ndogo kuliko ya mtu anayenong'ona. Sasa ninajua, kwa kuwauliza wanaojua, kwamba kupiga klarineti kwa nguvu si kazi, kazi ni kuipiga hivyo, pale ambapo pumzi ikipungua kidogo tu sauti inakufa. Na yeye alifanya hivyo kwa ulimi uliochongwa kwa wembe dakika chache kabla ya hapo. Aliuchukua wimbo wetu wa kuruka kamba, akauvuruga na kuurudisha, mkwaruzo na kikohozi na vyote, akivitumia, mahali pengine akivifanya vicheke. Mzee wa zumari alikuwa ameshika wembe hewani, mdomo wazi. Sauti ilijaa ua ule mdogo hadi kizingitini, ikaishia hapo. Niliogopa tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu mwanzo hadi mwisho niliomba asiache.

Kesho yake tuliachana. Yeye alielekea kwao magharibi, sisi Machakos. Mama alipata habari miaka michache baadaye kwamba amefariki kwa maradhi ya mapafu, kijijini, na kwamba alikuwa akipiga kanisani karibu hadi mwisho. Bi Mwanakheri yuko hai, tunapigiana simu sikukuu zote, zake na zetu, na Zena ana watoto wawili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Leo klarineti yoyote duniani ninaweza kuisikia kwenye simu nikitaka, waliopiga vizuri kuliko Bwana Odera bila shaka wapo, na nimewatafuta. Lakini nikifika pale ambapo muziki unanipendeza kupita kiasi, mkono wangu hupunguza sauti wenyewe.

Siku hizi mtaala unawataka watoto wapige filimbi za plastiki. Juzi darasa langu, watoto arobaini, walizipiga zote kwa pamoja, madirisha wazi, kwa nguvu zao zote, kila mmoja na njia yake, na kelele zikavuka uwanja hadi barabarani. Nilijikuta nimefika dirishani, mkono kwenye kishikio. Mtoto mmoja aliondoa filimbi mdomoni akaniuliza, "Mwalimu, tunapiga vibaya?" Nikamwambia hapana, endeleeni. Sikufunga. Lakini nilibaki nimesimama pale nikitazama barabara hadi walipomaliza.