Dodoma Hakuna Tena Anayetaka Kuandikwa

Saa tatu asubuhi, treni ya kutoka pwani inaingia stesheni ya Dodoma ikipiga mbinja, na vumbi la Juni linawafuata abiria hadi mlangoni. Yahaya hana haraka. Anangoja mizigo ya wakubwa ishuke kwanza, kisha anapokea furushi lake lililofungwa kwa kamba ya katani na kulipima mkononi kabla ya kulifungua.

"Limekonda," anasema, na uso wake hauna utani.

Ndani mna nakala kumi na nne za Mbio na Mieleka, gazeti la michezo linalochapwa pwani mara moja kwa mwezi. Mwaka jana, 1913, mwezi kama huu, zilikuja arobaini na tatu.

Yahaya ni Mrangi wa Kondoa, mwenye umri wa miaka thelathini na ushei, na ndiye mgawaji wa gazeti hilo Dodoma na vijiji vya jirani. Huenda kwa miguu. Asiyejua kusoma humsomea, tena kwa mbwembwe, akionyesha kwa mikono jinsi fulani alivyobwagwa chini. Msomaji hulipa hela tatu za Kijerumani.

Kabla ya hapo alikuwa mpagazi. Miaka minane alibeba pembe na ngozi kati ya Tabora na pwani, hata bega lake la kushoto likashuka na halijapanda tena. Sasa mwenye gazeti amempa onyo: nakala zikipungua chini ya kumi na mbili, hazitatumwa tena Dodoma.

"Gazeti likifa, narudi kwenye mzigo," anasema. "Na bega hili halina mzigo mwingine ndani yake. Naogopa, ndugu yangu, sikufichi."

Mwanzoni alidhani watu wamechoka tu. Alikwenda kwa mmojammoja kuuliza, na kila mmoja alikuwa na udhuru uliopigwa pasi. Petro, karani wa ghala pale stesheni, alisema macho yanamuuma. Alisema hivyo huku akisoma maandishi madogo ya magunia kutoka hatua tano. Bartolomayo, mwalimu wa misheni, alimwambia michezo ni mambo ya watoto, ilhali sikukuu ya Krismasi yeye mwenyewe alivua joho akaingia uwanjani kushikana mieleka.

"Wote walikuwa wananitazama mikono," anasema Yahaya. "Nikitia mkono mfukoni kutoa penseli, mtu anakumbuka mbuzi wake amekatika kamba."

Jibu alilipata Ihumwa, mwezi uliopita, nyumbani kwa Matonya. Huyu Matonya ni Mgogo mwenye miguu mirefu, mshindi wa mbio zilizokimbiwa baada ya mavuno ya mwaka jana kutoka kijijini hadi relini na kurudi. Yahaya mwenyewe ndiye aliyepeleka habari hiyo pwani. Ikachapwa ukurasa wa mwisho, penye kichwa cha "Mashujaa wa Mwezi", pamoja na jina la baba yake na kijiji chake. Matonya alifurahi mno, akalipia gazeti miezi sita mbele, na tangu hapo nakala zake zikawa zinapelekwa na wapita njia.

Safari hii mlangoni alimkuta Loisi, mke wa Matonya, akipepeta uwele.

"Mbukwa, shemeji," Yahaya akasalimu. "Bwana yuko?"

Loisi hakuacha kupepeta. "Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye uliyemwandika?"

"Nilimwandika kwenye gazeti, shemeji."

"Siku ulipoleta lile gazeti ulisema, 'Matonya, nimekuandika.' Nilikuwa hapahapa, nimesimama. Wiki mbili hazikwisha akaja mtu wa kuandika wapagazi. Wengine huuliza, nani hapa ana nguvu? Huyu hakuuliza. Alisema, 'Namtaka Matonya mwenye mbio, mwana wa fulani.' Nani alimwambia, shemeji?"

Matonya alichukuliwa na msafara wa kwenda kaskazini. Huu ni mwezi wa tisa, na hajaleta salamu.

Msomaji wa mjini anaweza kucheka, lakini hapa nyanda za kati mtu akisema ameandikwa, hana maana ya karatasi na wino. Ana maana ya kutiwa katika orodha ya wapagazi, na baada ya orodha ni mzigo, na baada ya mzigo Mungu ajua. Yahaya alilijua neno hilo kuliko wote, kwani yeye naye aliandikwa akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini alipopata penseli alisahau, akawa anapita vijijini akitafuta wasomaji na washindi, akiwaambia watu kwa furaha, "Njooni niwaandike!" Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ihumwa nzima iliwahi kuumwa.

"Nilimwambia ni neno moja lenye maana mbili," anasema. "Akaniuliza, 'Na mume wangu amekwenda kwa maana ipi?'"

Njiani kurudi mjini, shaka ikamgeukia na kuanza kumla yeye. Kati ya nakala zake kumi na nne, sita huchukuliwa na mtu mmoja tu: bwana anayeandika wapagazi, mwenye nyumba ya bati nyuma ya maduka. Ni mlipaji asiyesumbua. Lakini hajawahi kuuliza nani kashinda wala nani kaanguka. Na magazeti yake ya zamani, yaliyorundikwa barazani, yote yamekatwa ukurasa wa mwisho kwa kisu.

"Nilikuwa nayaona kila mwezi," anasema Yahaya. "Nikadhani anafungia tumbaku."

Leo anampelekea furushi lake kama kawaida. Bwana yule anapokea nakala ya juu, anaifungua kwa nyuma, anapitisha kidole kwenye majina, na uso unamkunjamana.

"Mwezi huu ni wachache. Kwa nini?"

"Watu hawachezi, bwana."

"Watacheza lini?"

Yahaya anachukua mkononi mwa yule bwana gazeti lile, anakusanya na yale matano mengine, anayarudisha kwenye furushi. Anasema yameletwa kwa makosa. Anaondoka, na nyuma yake sauti inamwita mara mbili kwa ukali. Hageuki.

Sasa amebaki na wasomaji wanane. Hesabu ya pwani anaijua vizuri, wala hajidanganyi.

Ameandika barua kwa mwenye gazeti, akiomba ukurasa wa majina ufutwe kabisa, washindi waitwe kwa majina ya utani wanayojuana wao kwa wao. Neno lile la kuandika nalo ameliacha. Siku hizi husema "kujiunga". Akikubaliwa, atarudi vijijini moja baada ya kingine, aanze upya hata kwa kuwasomea bure. Ihumwa ameshakwenda tena. Loisi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mlete kwanza Matonya. Ndipo unisomee."

Ndiyo azma yake nyingine. Kuna wapagazi wanaorejea kwa njia ya Kondoa, kwao Yahaya, na amemtuma mjomba wake Athuman akae njiapanda awaulize. "Sitaki anisamehe," anasema. "Nataka arudi na miguu yake miwili."

Mwisho, mwandishi wa habari hii alitoa penseli kumwuliza jina lake kamili na la baba yake. Yahaya akaitazama penseli.

"Habari iandike yote," alisema. "Sisi usituandike."

Kwa hiyo Yahaya si Yahaya. Mwenye mbio haitwi Matonya, wala kijiji chake si Ihumwa.