Nyungo Miguuni

Kabla sijaondoka Dar nilishona upya jaketi la baridi nililolinunua kwenye mitumba, na nikalijivunia kuliko nguo yoyote niliyowahi kuishika. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Kanada anakoishi na mumewe. Mama, ambaye magoti yake siku hizi yanakataa hata ngazi za nyumba yetu mtaani Gerezani, Kariakoo, alinituma mimi niende kumlea mzazi. Safari ya baridi kali, kwa hiyo jaketi.

Muuzaji alikuwa amelitundika nyuma kabisa ya makoti ya mvua. "Chukua, dada," aliniambia. "Hili limekosea njia. Bongo hii nani alivae, labda muuza barafu."

Lilikuwa kubwa na limevimba kama godoro. Sasa, sisi wa Kariakoo hatuvai mtumba kama ulivyokuja. Unanunua asubuhi, mchana uko kwa fundi, jioni umevaa kitu ambacho mtu ataapa kilipimwa mwilini mwako. Na mimi ni fundi. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufumua: nilikuwa nachukua gauni la mtumba, nalifungua mshono mmoja mmoja mpaka linabaki vipande sakafuni, halafu nalirudisha. Kwa hiyo jaketi nilijua la kulifanya. Nilifungua bitana, nikakuta ndani manyoya ya bata. Nikayatoa. Yalipaa chumba kizima, yakatua kwenye pazia na kwenye chai ya mama.

"Unachinja kuku humu ndani?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Nilipunguza ubavu wote wawili, nikabana mikono, nikafumua, nikabana tena. Siku ya mwisho mshono wake ulikuwa umenyooka hata mimi nilikosa pa kufumua, na mimi huwa sikosi. Nilijitazama kwenye kioo nikaona msichana mwembamba aliyejipanga. Sikuwaza kwamba nimetoa kitu ambacho jaketi liliumbwa kwa ajili yake. Niliwaza kwamba nimelitoa unene.

Kulikuwa na jambo lingine nililoondoka nalo. Mama mmoja mwenye nyumba mtaa wa nyuma yetu, katikati ya maduka ya spea, alikuwa na nusu fremu ya duka inayobaki wazi. Fundi wa zamani alikuwa anahamia Mbagala kwa wanawe. Yule mama alitaka niichukue mimi. Nilimwambia nitajibu nikirudi, na kusema kweli nilifurahi kupata safari ya kujifichia. Kibarazani kwa mama nilikuwa naweza kufumua nguo ya mtu mpaka roho yangu itulie. Mteja akilalamika, nasema bado najifunza. Kuna mwanamke nilimpa gauni la Idi baada ya Idi, limeshonwa vizuri ajabu, akalipokea, akalipa, na hakurudi tena. Ukiwa na fremu huwezi kusema unajifunza. Ukiwa na fremu wewe ni fundi, na watu wanakuja na haraka zao.

Huko Kanada siku zilienda kwa uji, nepi na kumkanda dada kwa maji ya moto. Jaketi halikunisaliti kwa sababu halikujaribiwa. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua chache, na ndani kila mahali kuna joto la kupikwa. Dada alinisifu. Aliponiuliza kama nahitaji la kwake la akiba, nilimwambia langu linatosha. Kiburi kidogo tu, lakini ndicho kilichonipandisha mlimani nikiwa nimevaa karatasi.

Maana mlima ulikuwepo. Dada alikuwa akiupanda kila mwaka baridi inapoanza kulegea, theluji ikiwa bado nene lakini jua limerudi. Mwaka huo mtoto alikuwa ameshatimiza miezi mitatu, na yeye alikuwa anautazama dirishani kama mtu anayetazama chakula cha jirani. Shemeji akasema atabaki na mtoto na chupa ya maziwa. Twendeni.

Mama alipigiwa simu usiku wa kuamkia safari.

"Mzazi anaenda kwenye barafu?"

"Arobaini imeisha zamani, mama," dada alisema.

"Arobaini ya Gerezani au ya huko kwenu? Tumbo umefunga?"

"Nimefunga."

Alikuwa amefunga kweli. Mama alinipa doti ya kanga nimpelekee, kipande kimoja cha kumbeba mtoto na kingine cha mkaja, wa kuzungushia tumbo likaze. Kila simu mama aliuliza kuhusu huo mkaja kabla hata ya kumuulizia mtoto. Kisha akaniita mimi. "Mama mwenye fremu kaja tena. Kuna kijana anaitaka auze makava ya simu. Anasema kesho akikosa jibu lako anampa yule. Nimwambieje?"

Nikasema nitampigia kesho.

Nina tabia ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikishindwa kuamua, naweka nadhiri na vitu visivyonihusu. Nilipokuwa mdogo: daladala ikipita kabla sijafika nguzo ile, nimefaulu mtihani. Usiku ule nilijifunika blanketi nikaweka nadhiri na mlima. Nikifika kileleni, naichukua fremu. Nikirudi njiani, nampisha kijana wa makava.

Asubuhi, chini ya mlima, dada alitoa kwenye gari vitu vya kuvaa miguuni ili usizame kwenye theluji. Vilikuwa vipana, mviringo wa kurefuka, vina mikanda juu na meno ya chuma chini.

"Hizi si nyungo?" nikasema.

"Nyungo kabisa. Vaa."

"Watu wa Kariakoo watuone na ungo? Si watasema tumesafiria hizi hizi kuja huku."

"Wanga wa mchana," dada akasema, akacheka mpaka akashika tumbo lake lililofungwa.

Nilianguka mara ya kwanza kabla ya kuuacha uwanja wa magari. Ungo mmoja ulikuwa umeukanyaga mwenzake. Theluji niliyokuwa naijua mimi ni ile inayoota kwenye friji ya mama, tunayoikwangua kwa kijiko kabla ya kupanga barafu za ubuyu. Hii ilikuwa laini kama unga na ilikaa kila mahali, hata kwenye matawi membamba.

"Unatembea kama uko kwenye harusi," dada aliniambia. "Panua miguu. Nyanyua juu. Hukumbuki Jangwani, mvua zikijaa, tukivuka na tope, kandambili zisibaki chini?"

Nilikumbuka. Sketi za shule tumezikunja, magoti juu, miguu imetengana, mmoja anamwita mwenzake kwa wasiwasi. Nikanyanyua kama wakati ule. Ungo ukatua bapa, ukatoa sauti ya mtu anayekunja karatasi nzito, na ukanibeba. Hatua nyingine. Nikashangaa kwamba mwili wangu ulikuwa na kitu hiki umekificha miaka yote.

Msituni ilikuwa raha. Miti ilizuia upepo, tulipanda tukatoka jasho, nikafungua zipu ya jaketi kwa madaha. Mzee mmoja mwenye mbwa alitukuta akishuka, nami nikaruka pembeni kwa mazoea nikazama hadi mapajani.

"Hapa hakuna mkokoteni, we!" dada akasema, akinivuta mkono. "Tembea katikati."

Lakini miti ilianza kuwa mifupi. Ikafika magotini. Halafu mbele yetu ikawa nyeupe tupu inayopanda, na juu yake kilele cha jiwe jeusi, wazi, hakina hata kichaka. Upepo ulikuwa unatusubiri hapo. Uliingia kwenye jaketi langu kama halipo. Jasho lililokuwa mgongoni likageuka maji ya friji. Nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikajikaza, nikanyanyua miguu haraka zaidi. Nilijiambia ni mawazo tu. Meno yakaanza kugongana nikayauma. Nilikuwa nahesabu maneno ya kumwambia mama mwenye fremu, yote ya kukataa, na yote yalikuwa na adabu.

Dada aligeuka kuniambia kitu, akarudi nilipo. Alivua glavu, akashika jaketi langu kwa vidole viwili, akalisugua kama anavyosugua kitambaa dukani.

"Manyoya yako wapi?"

"Niliyatoa."

"Uliyatoa?"

"Yalikuwa yananinenepesha."

Alikaa chini. Alikaa kabisa kwenye theluji, nyungo zikiwa zimesimama mbele yake, akacheka mpaka machozi. Mimi sikuweza kucheka, taya lilikuwa linacheza lenyewe. Kisha akasimama na uso mwingine.

"Tunarudi. Baridi hii haina utani."

Nilitazama kilele. Kilikuwa karibu, ungeweza kukisonta kwa kidole na kuona ufa wake. Nikasikia nafuu ikiniingia, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa nimepata sababu nzuri, ya mtu mwingine, ya kutofika.

"Una sweta kwenye begi," nikamwambia.

"Sweta bila kitu cha kuzuia upepo juu yake ni chandarua. Livae ndani."

Nilijaribu. Sweta lilikuwa nene, la sufi, na jaketi lilikataa hata kupita mabegani. Nilikuwa nimelibana vizuri mno. Tukavutana nalo, yeye mkono mmoja, mimi mwingine, bila mafanikio.

"Wembe wako unao?" dada akauliza.

Alijua ninao. Huwa natembea na wembe uliofungwa kwenye karatasi, sindano mbili na uzi, ndani ya kipochi cha sarafu.

"Si nitaliharibu."

"Basi turudi, mdogo wangu. Mimi siendelei hivi. Jaketi lipendeze, tukale chakula nyumbani."

Nimefumua maelfu ya mishono maishani mwangu, na kila mmoja niliufumua kwa sababu ulikuwa na kosa. Ule haukuwa na kosa lolote. Nilipiga magoti nikiwa nimejifunika sweta, nikaliweka jaketi mapajani, nikaingiza wembe chini ya kwapa. Vidole havikunisikia, nikachana na kitambaa chenyewe kidogo. Nikashuka ubavu mzima hadi kwenye pindo. Nikahamia upande wa pili, kisha mikono kwa chini. Uzi ulitoka vipande vipande, upepo ukauchukua. Nilitaka kulia, na huenda nililia, pua ilikuwa imeshaganda sikujua.

Likapita juu ya sweta. Lakini mbavuni lilikuwa wazi pande zote, mabawa mawili yanapepea. Dada alitazama, akafikiri, kisha akanigeuzia mgongo, akafungua nguo zake kwa chini akaanza kuvuta. Kanga ikatoka mkunjo kwa mkunjo, ndefu, imekunjwa mara mbili, bado ina joto la mwili wake.

"Mkaja!" nikasema. "Mama je?"

"Mama yuko Gerezani. Tangu asubuhi unanikata pumzi. Nyoosha mikono."

Akanizungushia kifuani hadi kiunoni, akakaza kwa goti, akafunga fundo kubwa mbele. Lile joto lake liliingia kwanza, halafu langu likaanza kurudi polepole. Tulitembea palepale tukinyanyua magoti, meno yakagongana, yakaacha kugongana. Alinishika mashavu, akanitazama midomo. "Haya," akasema. "Ukitetemeka tena, sikuulizi, nageuka."

Tulipanda tukifuatana. Theluji ilikuwa ngumu huko juu, meno ya nyungo yaliiuma vizuri. Kisha chini ya mguu wangu kukatokea mlio wa sufuria inayokwanguliwa ukoko. Ilikuwa jiwe. Upepo ulikuwa umepafagia pale juu pote, hapakuwa na theluji ya kusimamia, ila jiwe tupu lenye madoa ya kijani na ya chungwa, na mahali palipoelekea jua maji yalikuwa yanachuruzika.

Tulivua nyungo. Tulikaa upande uliokingwa tukanywa chai ya tangawizi. Chini yetu maziwa yalikuwa meupe, misitu imetiwa kivuli cha mawingu kinachohama, na mbali kabisa vilima juu ya vilima, kila kimoja kikiwa cha bluu zaidi ya mwenzake. Mimi ni mtu ninayeona kwanza mahali palipopinda. Nilitazama muda mrefu, nikasahau kutafuta kosa.

Dada alinipiga picha akamtumia mama. Kule nyumbani ilikuwa jioni. Jibu likaja kwa sauti, kali, mpaka dada akaiweka simu mbali na sikio.

"Kanga ya tumbo inafanya nini juu ya jaketi? Na hilo jaketi limeliwa na nini? Nyie watoto! Haya, mimi na mama mwenye fremu tuko hapa barazani, anakunywa kahawa yangu, anataka kwenda kuswali. Jibu gani?"

Nikachukua simu. Huwa narekodi ujumbe wa sauti mara tano, nafuta, narekodi, mpaka kikohozi kisisikike. Nilibonyeza nikaongea mara moja, upepo ukiwa unavuma kwenye kipaza, nikaachia.

"Sikusikia kitu," mama akajibu. "Upepo mtupu. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo!" nilipiga kelele, na dada naye akapiga. "Mwambie ndiyo, mama!"

Ikaingia sauti fupi, ya mama mwenye fremu mwenyewe, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kuona simu inaongea na mlima.

"Basi mwanangu, ukija uje na mshono wa gauni langu la Idi kichwani. Na mimi nilivae sikukuu yenyewe, si kesho yake kama yule mteja wako."

"Nimekuelewa, mama," nikasema, na safari hii nikaukinga mdomo kwa kanga ili anisikie.