Moyo Usio na Haraka

Miaka ile ya sabini niliishi Kawangware kwa shangazi yangu, na haja yangu ilikuwa moja tu: kuandikwa askari. Kila asubuhi nilikimbia mpaka Kibera, nikapanda mwinuko wa Kianda, nikarudi. Waliobaki nyuma kwenye mbio za kuchagua askari walirudishwa makwao, na mimi sikutaka kabisa kurudi kwetu Kitui mikono mitupu.

Siku moja mafua yakanishika. Shangazi akawa ananichua kifua kwa mafuta, mara mkono wake ukasita. "Woi! Moyo wako unapiga mara moja, unangoja, ndipo unapiga tena. Unazimika!"

Nani angemwambia kitu? Wanawake wa kanisa lake wakajaa chumbani. Waliomba, wakaimba, wakaamuru nilale. Hata debe la maji nilikatazwa kugusa. Nikalishwa supu ya mifupa wiki baada ya wiki, mashavu yakajaa, hasira zikanijaa pia. Moyo ulipoanza kwenda mbio, walimshukuru Mungu kwa vigelegele.

Nikatoroka kwenda kujaribu ule mwinuko. Ebo! Katikati ya njia nilikaa chini, nahema kama mzee. Niliogopa, nasema kweli, karibu nilie.

Nikamvuta shangazi hadi zahanati. Daktari alinipima, akasikiliza kisa chote, akacheka. "Mama, moyo wa mtu wa mazoezi hauna haraka. Una nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi, kwa hivyo unapumzika. Nyinyi mmemlaza mpaka moyo umezoea uvivu. Mwache akimbie, moyo utarudi kama zamani."

Tulipofika nyumbani, shangazi aliwaita wenzake wa kanisa. Hakuwaficha: "Jameni, tumeombea moyo mzima mpaka ukalegea." Kesho yake aliniamsha mwenyewe nikakimbie, tena kwa kelele.

Siku ya kuchagua, miguu ilinikubali. Karibu na mwisho nikamwona shangazi pembeni, kitambaa cha kanisa kichwani, viatu mkononi, anakimbia sambamba nami. "Kaza! Kaza, baba!" Nikakaza, nikawa miongoni mwa waliochukuliwa. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, mkono kifuani, anahema, anacheka, machozi yanamtoka.

"Na huu wangu je?" akaniuliza. "Kabla hujaenda kambini, nifundishe kukimbia."