Nilitaka kuigeuza Bariadi kuwa Geneva, wenyeji wakanigeuza mimi kuwa ajenda

Wakuu, amani kwenu popote mlipo, mlio kwenye foleni na mlio kazini mnajifanya mko bize.

Hiki kisa sijakitia chumvi. Kikikosa utamu mtanisamehe, ila ukweli mtaupata wote.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii hapa Bariadi. Mzaramo wa Kisarawe, nimepangiwa kazi huku, na ng'ombe nilikuwa nawajua kwa mishikaki tu. Wanaojua utani wa Wazaramo na Wasukuma wameshaanza kucheka. Endeleeni, mbele huko mtacheka zaidi.

Kuna mwaka nilibahatika kwenda Geneva. Meeting ya siku chache, mambo ya maji na mifugo. Niliporudi nikawa sishikiki. Mtu akiniuliza bei ya mchele namjibu "sisi kule Geneva". Ofisini wakaacha kuniita jina langu, wakawa wananiita Geneva.

Kwa wasioufahamu, ule ni mji wa kawaida tu. Ziwa, baridi, kila kitu bei mbaya. Ila dunia nzima inaenda kugombana pale. Nchi mbili ambazo hazipeani mkono zinakaa meza moja, kwa sababu hakuna aliyemfuata mwenzake kwake. Wote wageni.

Niliona kwa macho yangu jamaa wawili waliorushiana maneno ukumbini asubuhi, tea break wamesimama pamoja wanalaani bei ya sandwich.

Mimi nikajisemea, siri ni ukumbi. Meza za duara, vibao vya majina, maji ya chupa. Nikayabeba hayo kichwani mpaka Simiyu.

Sasa njooni kwenye kisa chenyewe.

Upande wa Kasoli kuna vijiji viwili, nitaviita Juu na Chini maana wenyewe wamo humu. Katikati kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Limejaa tope, kiangazi linabaki kama sahani.

Juu wanasema lambo liko kwenye ardhi yao. Chini wanasema babu zao ndio waliolichimba. Wakafikia kufukuzana kwa fimbo, na ng'ombe wa pande zote mbili wakawa wanatembea kutwa nzima kutafuta maji.

Shirika moja lenye makao makuu hukohuko Geneva likakubali kulichimbua upya. Sharti moja tu: vijiji vikae, vikubaliane, viunde kamati moja. Wageni wanakuja Ijumaa. Wasipokuta makubaliano, mashine zinaenda mkoa mwingine.

Nikampigia mwenyekiti wa Juu, Mzee Masunga. Akasema, "Waje huku."

Nikapiga Chini. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mjane, Mama Nkwimba, mwanamke wa shoka. Akasema, "Twende kwao, sisi tumekuwa mbuzi wa kuswagwa?"

Nikamwambia bosi wangu, "Hii niachie mimi. Hii ni diplomasia."

Jumatano nikawakusanya Bariadi mjini, ukumbi wa kukodi, si wa Juu wala si wa Chini. Meza nimezipanga duara. Vibao vya majina vipo. Hata vibendera vya vijiji nilishonesha. Vijiji havina bendera, wakuu. Nilibuni.

Wakaingia wazee na akina mama, kila upande na lori lake. Wakakaa. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Mimi na suti yangu nikasimama, nikatazama saa, nikasema: "Waheshimiwa, kwa kuokoa muda, itifaki imezingatiwa. Twende moja kwa moja kwenye ajenda."

Nikafungua faili.

Mzee Masunga akavua kofia. "Imezingatiwa na nani?"

"Samahani, mzee?"

"Nimetoka kwangu alfajiri, nimepanda lori, nimefika. Hujaniuliza nimeamkaje. Hujaniuliza wanangu. Itifaki gani hiyo?"

Hapo ikatokea kitu sikukitegemea. Mama Nkwimba, kutoka upande wa pili, akadakia: "Msameheni Mzaramo huyo. Kwao salamu ni mpaka ngoma ipigwe, na leo ngoma kaisahau nyumbani."

Watu wakaangua kicheko. Juu wanacheka, Chini wanacheka. Mzee Masunga mabega yanacheza. Akaongeza, "Huyu siku ya kwanza alimuuliza mchungaji wangu ng'ombe wanavunwa mwezi gani!"

Uongo huo. Niliuliza tu wanakamuliwa saa ngapi. Sikujua walikuwa madume.

Basi nikapigwa utani wa kupokezana, Juu anaanzisha, Chini anamalizia. Nimesimama na suti yangu, roho inaniuma kweli. Naiona Ijumaa inaondoka na mashine zake.

Kisha wakanitoza faini ya mtani. Nimzungukie kila mtu ukumbini, nimsalimie Kisukuma, salamu kamili. "Mwangaluka", halafu nyumbani, watoto, shamba, ng'ombe. Na kila mmoja anijibu kwa sauti ili wote wasikie nikikosea.

Nikaanza. Matamshi yangu peke yake yalikuwa burudani tosha.

Nikamfikia Mama Nkwimba. Watoto wazima, shamba lipo. Nikauliza, ng'ombe je?

Hapo kwa kawaida mtu anajibu "mhola", yaani salama, hata kama mambo si mazuri. Yeye akasema, "Yule maksai mwekundu kaanguka jana njiani, akitoka kutafuta maji. Hakuinuka tena."

Mzee Masunga akageuka. "Yule wa marehemu mumeo? Niliyemfundisha kuvuta plau mimi?"

"Huyohuyo."

Mzee akainuka. Akazizunguka meza zangu zote, akampa mkono. "Pole, mwanangu. Sikuambiwa."

Wakuu, machozi yalinilenga, sitawaficha.

Baada ya hapo kila mtu akawa anataja ng'ombe wake aliyekufia njiani, na wa upande wa pili anampa pole. Msidhani walikumbatiana wakaondoka. Walibishana mpaka mchana, nani anyweshe asubuhi na nani jioni, tena kwa makelele. Ila sasa walikuwa wanabishana wakitazamana. Mimi nilibaki kugawa maji ya chupa.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti Mama Nkwimba, na aliyempendekeza ni Mzee Masunga.

Ijumaa wageni wakakuta makubaliano. Mashine zikaingia, mvua zikaja, na hadi naandika hapa lambo linanywesha pande zote mbili.

Nilichojifunza: miji ile ya mikutano ya dunia hatuiendei kwa ajili ya viyoyozi. Inatupa mahali ambapo kufika hakumshushi mtu, na inatukalisha muda wa kutosha mpaka mmoja asikie msiba wa mwenzake. Na akipatikana mtu wa katikati wa kumsema kwa pamoja, kazi inakwenda mbio.

Waliowahi kusuluhisha vijiji, koo au hata mashemeji, shusheni uzoefu wenu tujifunze. Watani zangu nawaona mnachungulia, njooni ila taratibu.

Mimi kesho nina safari ya Nassa. Wavuvi na wakulima wamegombana huko, wameniita. Nikamuuliza mzee aliyenipigia simu niandae nini.

Akanijibu, "Usiandae kitu. Wewe njoo tu tukuseme."

Naenda.